NDVI ni nini, na mbona ramani iwe kijani na ng'ombe wanaanguka

Kila ukame ukija kuna swali naulizwa, na siulizwi na wanafunzi, naulizwa na watu wa nyumbani: nyinyi watu wa setilaiti mnasema huku kuna majani, ramani yenu imejaa kijani, sasa mbona ng'ombe wanaanguka? Ni swali la haki kabisa na linauma, manake mara nyingi anayeuliza ameshapoteza mnyama, na ukimjibu kwa maneno makubwa makubwa ataona unamzungusha. Kwa hiyo leo nataka nieleze hii kitu inaitwa NDVI kutoka mwanzo, pole pole, kwa sababu karibu kila ramani ya ukame au ya malisho unayoona kwa gazeti na kwa taarifa za serikali, ndani yake hii NDVI iko.

Kwa Kiswahili tuiite kielezo cha uoto. Uoto ni vile ardhi imevaa mimea, iwe nyasi, miti, mahindi au vichaka, na kielezo ni namba ya kukuonyesha hali ya kitu bila wewe kufika pale. Na hapo kwa neno namba naomba usimame kidogo. NDVI sio picha. Ni namba kati ya -1 na 1, basi, halafu kuna mtu amekaa kwa kompyuta akaamua namba kubwa apake kijani na namba ndogo apake kahawia, yaani ile rangi unayoiona kwa ramani imepakwa na binadamu, angetaka angepaka zambarau na ingekuwa sawa tu.

Sasa namba yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwa vile jani linavyopokea mwanga wa jua. Jani bichi lina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na klorofili inautumia ule mwanga mwekundu kutengeneza chakula cha mmea, kwa hiyo mwanga mwekundu ukifika kwa jani lenye afya mwingi unanyonywa, unaorudi juu ni kidogo sana. Lakini kuna mwanga mwingine, infraredi ya karibu, umepakana na mwekundu lakini jicho letu haliuoni, huo mmea hauna kazi nao. Ukiingia ndani ya jani unagongana na kuta za seli na nafasi za hewa zilizomo na karibu nusu yake unatupwa nje tena. Kwa hiyo jani bichi linameza nyekundu na kutema infraredi. Jani likianza kukauka klorofili inakwisha, nyekundu inaanza kurudi, na ile tofauti kati ya mianga miwili inapungua. Hiyo tofauti ndo setilaiti inaifuata.

Kama hii habari ya mwanga usioonekana inakusumbua chukua rimoti ya tivi, ielekeze kwa kamera ya simu, ya mbele ndo nzuri zaidi kwa simu nyingi, bonyeza kitufe uangalie kwa skrini. Utaona taa ndogo inawaka zambarau au nyeupe pale mbele ya rimoti, na ukiangalia kwa macho yako hakuna kitu. Hiyo ni infraredi. Setilaiti ina vihisi vinavyopima mwanga wa jamii hiyo hiyo, tofauti ni kwamba haupimwi wa rimoti, unapimwa wa jua uliogonga shamba lako ukarudi angani.

Hesabu yake mtoto wa shule ya msingi anaiweza: chukua infraredi, toa nyekundu, halafu ulichopata gawa kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme shamba la mahindi yaliyoshika vizuri linarudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya nyekundu (nimechagua namba rahisi ili tuelewane). 45 toa 5 ni 40, jumla yake 50, 40 gawa kwa 50 ni 0.8. Huo ni uoto mzito. Nyasi zilizokauka zinarudisha 30 na 20, inakuwa 10 gawa kwa 50, ni 0.2. Udongo mtupu uko chini hapo karibu 0.1, na maji yanameza infraredi karibu yote kwa hiyo yanakwenda chini ya sifuri.

Kwa nini wagawe na wasitoe tu wakaishia hapo? Hapa ndo napenda sana akili ya hii kitu. Fikiria lile shamba la mahindi liko upande wa mlima wenye kivuli, jua limepungua nusu, sasa infraredi inayorudi ni 22.5 na nyekundu ni 2.5. Ungetoa tu ungepata 20 badala ya 40 na ungesema mahindi yameharibika, na mahindi hayana shida yoyote, ni kivuli. Lakini ukigawa, 20 kwa 25, unapata 0.8 ile ile. Kivuli kimejikata chenyewe. Asubuhi na mchana, bonde na kilele, hesabu inavumilia.

Na hii kitu tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya majani ya nyanda za malisho. Marekani walirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat Julai 1972, na watafiti wa chuo kikuu cha Texas A&M wakaitumia kufuatilia zile nyanda kubwa za nyasi katikati ya nchi yao, walitaka kuona vile ukijani wa msimu mpya unavyopanda kutoka kusini kwenda kaskazini kama wimbi, na hesabu yao ikatoka hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye miaka ya 1980 watu wa NASA wakaichukua wakaitumia na setilaiti za hali ya hewa kuangalia Afrika, hasa Saheli, wakati wa ile njaa ya 1984 ambayo wazee wanaikumbuka vizuri hata huku kwetu.

Sasa tuje kwa kitu kinachodanganya watu sana, pikseli. Picha ya setilaiti imegawanywa vijisanduku na kila kijisanduku kinapewa namba moja tu. Landsat kijisanduku chake ni mita 30 kwa 30, yaani ukichukua ploti mbili za futi hamsini kwa mia ukaziunganisha ndo unapata pikseli moja. Sentinel-2 ya Ulaya ni nzuri zaidi, mita 10 kwa 10, kwa ploti moja zinaingia pikseli nne na nusu hivi. Lakini ile MODIS ya NASA ambayo imetumika miaka mingi kwa mambo ya ukame kwa sababu inapita kila siku na data yake inaanzia mwaka 2000, pikseli yake ni mita 250, na hapo ndani zinaingia ploti zaidi ya 130! Namba moja kwa ploti 130. Kama humo ndani kuna mwembe, bati la nyumba, barabara ya vumbi na kijishamba cha sukumawiki, vyote vinachanganywa kama mboga kwa sufuria moja unapewa ladha moja. Kwa hiyo mtu akikwambia setilaiti imeona shamba lako muulize kwanza ni setilaiti gani.

Halafu kuna mawingu. Vihisi hivi vinategemea mwanga wa jua, wingu likikaa katikati kinachopimwa ni wingu, na msimu wa mvua ambao ndo majani yanaota ndo mawingu nayo yanajaa. Wanachofanya ni kukusanya picha za siku kumi au kumi na sita halafu kwa kila pikseli wanachukua namba kubwa kuliko zote, kwa sababu wingu likifunika mimea linaishusha NDVI, haliipandishi, kwa hiyo ile kubwa ndo ina uwezekano mkubwa ilipigwa siku anga ilikuwa safi. Ni ujanja rahisi na unafanya kazi, ila ujue ramani ya "wiki hii" inaweza kuwa ina kipande cha siku kumi zilizopita.

Kitu kingine, namba peke yake haikwambii kama hali ni nzuri au mbaya. NDVI ya 0.3 Marsabit inaweza kuwa ni neema, na 0.3 hiyo hiyo Kericho kwenye chai ingekuwa msiba. Trans Nzoia nayo, mahindi yanapandwa Machi na Aprili, namba inapanda mpaka mahindi yanapotoa mbelewele, halafu kuanzia Septemba inashuka tena. Mtu asiyejua shamba ataona inashuka aseme ukame umeingia, kumbe mahindi yanakaukia shambani yavunwe, ndo raha yenyewe ya mkulima. Kwa hiyo hailinganishwi sehemu na sehemu, inalinganishwa sehemu na yenyewe: hii pikseli, siku hizi kumi za mwezi huu, ukilinganisha na siku hizo hizo za miaka yote iliyopita, imezidi wastani au imepungua? Ramani nyingi za ukame ni za hii tofauti, sio za NDVI yenyewe, na watu wanazichanganya kila siku.

Na kutoka hapo ndo ikaja bima ya mifugo. Januari 2010 pale Marsabit ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na washirika wake walianzisha bima ambayo hakuna mtu anakuja kuhesabu mizoga, manake utahesabuje mizoga kwa eneo kubwa vile na wafugaji wanahama. Wanaangalia NDVI ya eneo, ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa ukilinganisha na miaka ya nyuma, wenye bima wote wa eneo hilo wanalipwa. Mwanzoni ilihesabiwa kwa makisio ya wanyama watakaokufa, baadaye ikabadilishwa ilipe malisho yanapopungua, mnyama angali hai, ili mtu anunue nyasi na maji. Mimi naona hayo mabadiliko yalikuwa ya maana kuliko hesabu yote, kwa sababu pesa ikija ng'ombe ameshaoza inakusaidia nini?

Lakini sasa turudi kwa lile swali, kwa sababu hapo ndo wengi wanaumia. NDVI inapima ukijani. Haijui chakula. Haijui kama hicho kijani ng'ombe anakila au hakili.

Chukua mathenge. Huu mti uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, kuzuia jangwa na kupata kuni, na mizizi yake inakwenda chini sana kufuata maji, kwa hiyo kiangazi chote uko kijani wakati nyasi zimegeuka vumbi. Ukienda upande wa Marigat Februari kumekauka utauona umesimama pale umestawi, chini yake hakuna hata unyasi, miiba yake inatoboa tairi, na mbuzi wakila maganda yake ule utamu unanata kwenye meno mpaka meno yanaoza yanang'oka. Watu wa Baringo waliipeleka serikali kortini kwa ajili ya huu mti na wakamleta mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Sasa setilaiti ikipita juu ya kichaka hicho inaona nini? Inaona klorofili, nyekundu inamezwa, infraredi inarudi, namba iko juu, kompyuta inapaka kijani. Haijadanganya. Imejibu swali ililoulizwa, ila swali lilikuwa sio lile la mfugaji.

Ziwa Victoria ni hivyo hivyo. Maji yanatakiwa yawe chini ya sifuri, lakini Ghuba ya Winam magugu maji yakijaa, NDVI inapanda juu kama msitu, na kwa mvuvi wa Kisumu kijani hicho ni mtumbwi umekwama. Angalau hapo tunaifaidi, manake ziwani kijani kizito mara nyingi ni gugu, kwa hiyo unaweza kulifuatilia upepo unavyolisukuma huku na huku. Na msitu wa asili ukikatwa ukapandwa chai, chai ikishafunga, NDVI inaweza isikwambie kitu, kwa sababu uoto ukiwa mzito sana namba inafika huko 0.8 au 0.9 inagota, haina pa kupanda tena.

Ndo maana ramani inayotengenezwa kwa uangalifu huanza kwa kutoa pikseli zisizohusika: misitu, mashamba ya kumwagiliwa, vichaka visivyolika. Zinabaki zile za malisho peke yake. Na kujua zipi ni za malisho kompyuta pekee haitoshi, anayejua ni anayechunga.

Kwa hiyo mzee akiniuliza mbona ramani ni kijani na ng'ombe wanaanguka, mimi namfungulia picha ya Sentinel-2 ya kwao, ni bure kabisa unahitaji bando tu, nampa simu aniwekee kidole pale anapochungia. Mara nyingi kile kijani kimejipanga mstari mwembamba kufuata laga, yaani mto wa msimu, na anajua mwenyewe kabla sijafungua mdomo, anasema hiyo ni mathenge. Halafu kidole kinasogea mbali na laga, kule uwandani, kule ndo nyasi zilikuwa. Kule ni kahawia tupu.