Maziwa ya kopo yauzwe, lakini yasitafutiwe wateja wodini

Wenye maduka ya dawa hapa Mtwara mjini huniuliza: afisa lishe, mbona unatufuatafuata, kwani kuuza maziwa ya kopo, yale ya unga ya watoto wachanga, ni kosa? Si kosa. Kuna mtoto ambaye mama yake amefariki katika uzazi. Kuna mama anayetibiwa saratani kwa dawa zisizoruhusu kunyonyesha. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na maradhi yanayofanya mwili ushindwe kabisa kutumia maziwa ya kawaida, na hao wana kopo lao maalumu. Wote hawa wanastahili bidhaa salama, na mtu wa kumwelekeza mlezi namna ya kuitayarisha. Ninachokifuatilia mimi ni jinsi kopo hilo hilo linavyotafutiwa watoto ambao hawakuwa na haja nalo.

Kutafutiwa huko hupita kwenye mlango mmoja, nao ni wasiwasi wa mama katika wiki za mwanzo. Siku mbili tatu za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya manjano, machache kwa kuyatazama. Mtoto wa siku moja hutosheka na kiasi cha kijiko cha chai hivi kwa mara moja, kwa hiyo uchache ule ndio kipimo chake. Lakini mama haambiwi. Mtoto analia usiku, bibi anasema, "Mwanangu, huyu ana njaa, maziwa yako hayamtoshi," na asubuhi mtu anatumwa dukani.

Kinachofuata ni hesabu ya mwili. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, homoni ya prolaktini hupanda na kazi ya kutengeneza mengine huanza. Maziwa yakibaki titini, titi lenyewe hupunguza kasi. Mtoto aliyeshibishwa kopo hulala muda mrefu, hanyonyi, maziwa ya mama yanapungua, na baada ya wiki mbili ule wasiwasi unageuka kuwa kweli. Sasa kopo ni la lazima. Mtu aliyempa mama yule kopo la bure siku ya tatu hakumpa zawadi. Amejipatia mteja wa miezi mingi.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, yule aliyeeleza ugonjwa wa kwashiakoo alipokuwa Ghana, aliwaambia wafanyabiashara wa Singapore waziwazi kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na propaganda potofu ya maziwa vihesabiwe kuwa mauaji. Ikapita miaka karibu arobaini hadi watu wa kawaida Marekani walipoanza, mwaka 1977, kususia bidhaa za Nestlé kwa sababu ya namna maziwa hayo yalivyotangazwa katika nchi maskini. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Maziwa Mbadala wa Maziwa ya Mama: nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikuegemea upande wowote, na Marekani peke yake ikapinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzihuisha 2013.

Watu hudhani Kanuni ya 1981 inakataza maziwa ya kopo. Haikatazi kuyauza, inakataza kuyapigia debe. Hakuna tangazo kwa umma, hakuna sampuli kwa mama mjamzito wala aliyejifungua. Muuzaji wa kampuni asimfuate mama, asimpe mhudumu wa afya zawadi ili ampendekezee bidhaa yake, na bonasi ya muuzaji huyo isihesabiwe kwa idadi ya makopo. Kopo lisiwe na picha ya mtoto mchanga. Chupa za kunyonyeshea na chuchu zake nazo zimo ndani ya Kanuni hiyo, jambo ambalo maduka mengi hayalijui.

Ukitaka kuona ujanja ulivyo leo, simama mbele ya rafu uyaangalie makopo vizuri. Kuna namba 1, namba 2, namba 3. Rangi ni ile ile, mnyama mdogo aliyechorwa ni yule yule, maandishi ni yale yale. Kinachobadilika ni tarakimu tu. Namba 1 ya mtoto mchanga haitangazwi, sheria inabana. Namba 3, ya mtoto aliyevuka mwaka, inabandikwa bango. Mama anaona bango la namba 3, ananunua namba 1. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba maziwa yote yanayolengwa kwa watoto hadi miezi 36 yahesabiwe kuwa maziwa mbadala, yaani nayo yamo ndani ya Kanuni. Kampuni inayosema inafuata maadili huku ikiutumia mwanya wa tarakimu, mimi siiamini.

Kipimo changu cha kampuni inayowajibika ni kile inachokiacha wakati hakuna anayeilazimisha. Kanuni ya 1981 inasema watengenezaji na wasambazaji wajione kuwa na wajibu wa kuifuata hata pale serikali haijachukua hatua yoyote. Sera nyingi za kampuni, ukizisoma kwa makini, zina ahadi kubwa katika nchi zenye vifo vingi vya watoto na ahadi ndogo kwingine, au zinaishia mtoto akitimiza miezi 6 au 12. Halafu kuna semina. Kampuni inalipia ukumbi na chakula, wahudumu wanafundishwa lishe ya mtoto na mtu ambaye mshahara wake unatokana na kopo. Nimewahi kukuta kalenda ya kampuni ya maziwa ukutani mwa chumba cha kliniki, mama mjamzito anaitazama huku akisubiri kupimwa. Nesi hakuona tatizo, alihitaji kalenda. Ile kalenda ilikuwa inamwambia mama kwamba kliniki imelikubali kopo.

Siku hizi hata ukuta hauhitajiki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa matokeo ya kuwahoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8: asilimia 51 walisema wamefikiwa na matangazo ya kampuni za maziwa, yakiwemo ya mtandaoni. Biashara yenyewe ilikuwa ya dola bilioni 55 kwa mwaka. Msichana wa Chikongola, hapa hapa Mtwara mjini, mwenye simu janja anafikiwa sawasawa na wa mji wowote mkubwa.

Huku kwetu Kusini kuna sababu nyingine za kunifanya nisilegeze. Unga wa maziwa si tasa. Unaweza kuwa na bakteria wa Cronobacter, hivyo unatakiwa kuchanganywa na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe, na yaliyobaki baada ya saa mbili yamwagwe. Sasa mpelekee maelekezo hayo mama wa Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa taabu tangu enzi za mkoloni. Achemshe kwa kuni mara nane usiku na mchana? Atapunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto atadhoofu huku anakunywa. Kwa miezi sita mtoto mmoja anahitaji kama kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Chukua bei ya duka lako uizidishe kwa 50, kisha uilinganishe na mauzo ya korosho ya familia.

Na barabara je? Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Kusini upande wa Kilwa, mizigo ilikwama. Mama anayenyonyesha hakungoja lori. Botswana walionja haya kwa ukali zaidi mwanzoni mwa 2006: serikali ilikuwa inagawa maziwa ya kopo bure kwa mama wenye VVU, mafuriko yakaja, kuhara kukalipuka, na watoto wengi waliolazwa walikuwa wa kopo. Leo mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe, naye mtoto apewe dawa ya kinga.

Nikija kwenye kumsaidia mama, msaada wa kweli tunao, ila tunautumia nusu. Arobaini ni mpango mzuri kuliko mradi wowote niliouona: mama anapumzishwa, anapikiwa uji wa pilipili manga na supu ya samaki, hachoti maji. Wanaomlea ni mama yake, mama mkwe, na somo, yaani kungwi wake. Basi hao ndio wa kufundishwa, pamoja na mama. Bibi akijua kwamba maji na uji mwepesi kabla ya miezi sita humpunguzia mtoto maziwa, na kwamba kilio cha jioni si njaa siku zote, hatatuma mtu dukani. Kitaifa, utafiti wa 2022 ulikuta watoto 64 kati ya 100 wenye umri chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Wengi wa waliobaki hawaharibiwi na kopo, huharibiwa na uji na maji.

Nikiitwa nyumbani kwa "maziwa hayatoshi", kwanza namtazama mtoto akiwa titini. Mara nyingi amebana chuchu tu. Mdomo ni mdogo, mashavu yanaingia ndani, mama anakaza meno kwa maumivu. Tunamtoa. Mama anakaa vizuri, tumbo la mtoto linagusa tumbo lake, tunangoja mdomo ufunguke kama anapiga miayo, ndipo analetwa titini ashike na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Kidevu kinagusa titi, unasikia anameza. Halafu naulizia nepi: baada ya wiki ya kwanza, mkojo mara sita au zaidi kwa siku na uzito unaopanda kwenye kadi vinatosha kumtuliza bibi. Matiti kulainika baada ya wiki kadhaa ni kawaida, hayajakauka.

Kwa waajiri, hasa wa viwanda vya kubangua korosho: sheria ya kazi ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, siku 100 akijifungua pacha, na akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Akiwa mbali na mtoto, akamue kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko. Kwa joto letu nashauri maziwa hayo yasikae nje zaidi ya saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si chupa.

Mwenye duka, weka kopo rafuni, muuzie anayelihitaji, na kijana wa kampuni akikuletea bango au ofa ya nunua mawili upate chupa, mrudishie. Mhudumu wa kliniki, toa kalenda ile leo. Na wewe mama ukipewa sampuli wodini, au ukitumiwa ujumbe wa kopo kwenye simu bila kuuliza, piga picha umpelekee afisa lishe wa halmashauri yako. Tunazihitaji picha hizo, maana bila ushahidi kampuni hujibu kwamba haijui lolote.