Chungu cha Kuyeyushia Risasi: Uchafu Unaoelea Unafikaje Kwenye Vali?

Lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote kutoka kwa wanaosubu jigi zao wenyewe, yaani ndoana za kuvulia samaki zenye kichwa cha madini ya risasi, ni hili: chungu kinadondosha. Umefunga vali, lakini tone linaning'inia mdomoni, linaanguka, jingine linafuata, na chini ya chungu kinaota kichuguu cha risasi. Ushauri unaotolewa haraka ni kununua ufito mpya wa vali. Mimi huuliza kwanza: mara ya mwisho kumimina mpaka chungu kikauke ilikuwa lini?

Nazungumzia chungu cha umeme chenye vali chini. Ukibonyeza mkono wake, ufito unanyanyuka kutoka kwenye siti, yaani kiti ambacho ncha yake hukalia, na risasi inatoka kwa mdomo ulio kwenye kitako. Anayetumia chungu cha kawaida na upawa hana vali ya kumsumbua, ila mengi ya hapa yanamhusu naye.

Risasi ni nzito mno. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3. Chuma ni gramu 7.9, mchanga haufiki 3, na hata oksaidi ya risasi yenyewe, ule unga wa manjano unaojitokeza juu, ni kama 9.5. Kwa hiyo kila taka iliyomo chunguni ni nyepesi kuliko risasi, na ikiachwa huru itaelea. Kwa kanuni hiyo siti ya vali, iliyo chini kabisa, ingepaswa kuwa mahali safi kuliko pote. Lakini ukifungua chungu kinachovuja utakuta hapo pamejaa unga mweusi na chembe ngumu. Uchafu huo haukuzama. Ulishushwa.

Unashushwa kwanza na sisi tunapomimina. Kina kinapopungua, utando wa juu, yaani unga na taka zinazoelea, unashuka nacho, na ukiendelea mpaka tone la mwisho unautua wote juu ya siti. Halafu unajaza mikuo mipya, yaani vipande vya risasi iliyogandishwa, juu yake. Ungetegemea taka ipande tena risasi ikiyeyuka, na nyingine hupanda, lakini risasi iliyoyeyuka haigandamani na chuma chenye kutu na masizi. Baina yake na ukuta hubaki mwanya mwembamba, na taka iliyokwisha kubanwa humo haina sababu ya kutoka. Ufito nao una sehemu yake: kila unapopanda na kushuka unapita katikati ya utando, unajipaka, kisha unazamisha kidogo kidogo. Ndiyo maana ukoko ulioshika ufito pale juu, kwenye usawa wa risasi, ni wa kukwanguliwa mapema kabla haujanenepa.

Kutokana na hayo, kanuni yangu kubwa ni moja: usishushe risasi chini ya theluthi ya chungu wakati wa kazi ya kawaida. Ikifika nusu, ongeza. Siku unapotaka kukimwaga chote kwa sababu maalumu, ondoa utando kwanza kwa uangalifu, kisha mimina.

Kuongeza kwenyewe kuna namna yake. Mkuo wa baridi uliokaa kwenye banda lenye unyevu huweza kuwa na maji usiyoyaona, na maji yakizama chini ya risasi hugeuka mvuke papo hapo, ujazo wake ukiongezeka takribani mara 1,700. Mvuke hauna pa kwenda ila juu, na unaondoka na risasi. Hatari hii haina mzaha. Weka mikuo pembeni ya chungu mpaka ipate moto, ndipo uiingize taratibu kwa koleo, si kwa kudondosha. Miwani ya kinga, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu si vya kuvaa siku ukikumbuka tu. Kijiko cha kuondolea utando na upawa navyo hupashwa kabla ya kuzamishwa, maana unyevu wa hewa hutua juu ya chuma cha baridi.

Jambo la pili kwa uzito ni kutofanya usafishaji wa risasi chakavu ndani ya chungu cha kusubia. Mabomba ya zamani, mabati ya risasi ya kuezekea, chubwi za kale (vizito vya mshipi wa kuvulia) na vyuma vya kusawazishia magurudumu vyote huja na rangi, mchanga na kutu. Viyeyushe kwenye chungu kingine kisicho na vali, cha chuma cha pua au cha chuma kilichosubiwa, juu ya jiko la gesi nje ya nyumba, kisha mimina mikuo safi. Usitumie sufuria ya alumini. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini hulegea mapema sana kabla ya hapo, na ukiiinua ikiwa imejaa kitako kinaweza kukuachia.

Vile vyuma vya magurudumu vina mtego wake: vingine siku hizi ni zinki. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 na zinki kwa nyuzi 419, kwa hiyo ukishikilia joto chini ya nyuzi 400 vya zinki vitaelea vikiwa vizima na utaviokota. Ukizembea vikayeyuka, risasi yote inakuwa nzito kama uji, haijazi pembe za kalibu (umbo la kusubia), na kuitenganisha tena ni kazi isiyolipa. Sahani za betri za gari ziache kabisa. Zina tindikali, na taka yake ikikutana na unyevu inaweza kutoa gesi za sumu kali za aseniki na antimoni.

Kuhusu dawa ya kusafishia, wengi hudhani nta inakusanya uchafu kama sabuni inavyokusanya mafuta. Sivyo. Nta, maranda au utomvu wa msonobari huungua na kuacha kaboni, na kaboni hiyo hunyang'anya oksaidi ile hewa yake ya oksijeni, ikairudisha kuwa chuma. Ndiyo maana baada ya kukoroga vizuri, kile kilichoonekana kama tope la kijivu hupungua na kubaki unga mkavu. Huo ndio wa kuondoa. Anayekwangua utando bila kuutibu anatupa risasi nzuri pamoja na madini ya bati yaliyokuwamo, kwa sababu bati hushikana na oksijeni upesi kuliko risasi.

Kwenye chungu cha vali natumia nta kiasi cha punje ya dengu. Inatoa moshi. Uwashe moshi huo kwa kiberiti kirefu, uungue, badala ya kukurukia usoni bila taarifa. Kisha nakwangua kuta na kitako kwa kijiti cha mbao kilichokauka kabisa, kikipita kuzunguka ufito, ili taka iliyobanwa kwenye ule mwanya ipate njia ya kupanda. Hii ndiyo kazi ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Maranda nayaacha kwa kile chungu kisicho na vali, yasije yakaacha vipande vya mkaa karibu na siti. Dawa zenye chumvi sizipendi popote: mabaki yake hunyonya unyevu na chungu kinaota kutu.

Joto ni mwasi wa kimya. Namba zilizo kwenye kitufe cha thamostati (kidhibiti joto) hazina maana kubwa, na chungu cha bei ndogo huweza kupanda na kushuka sana pande zote mbili za pale ulipokiweka. Pata kipimajoto cha waya, kichwa chake kikae katikati ya risasi, si kugusa ukuta. Kwa jigi, nyuzi 370 hadi 400 zinatosha. Kadiri unavyopanda ndivyo utando unavyojijenga upya kwa kasi. Ukiona risasi laini inageuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau na bluu dakika chache tu baada ya kuondoa utando, umezidisha.

Watu huzidisha kwa sababu mbili. Vichwa vidogo havijai, au mdomo unaganda. Vyote viwili vina tiba nyingine. Kalibu ya baridi ndiyo inayogandisha risasi kabla haijafika mwisho, basi pasha kalibu na ndoana, si risasi. Mdomo nao uko nje ya chungu na hewa inaupuliza. Ukimimina kwa mwendo usiokatika hupata joto la kutosha. Ukipumzika, ugandue kwa tochi ya gesi kwa sekunde chache.

Sasa tuseme kinavuja tayari. Usikimbilie kufungua. Kikiwa na joto la kazi, shika kichwa cha ufito kwa bisibisi (vingi vina mfereji kwa ajili hiyo) na uzungushe huku na huku ukiwa umeukandamiza. Kisha fungua vali yote na uache mkondo mnene ushuke kwenye upawa uliopashwa. Mara nyingi chembe iliyobanwa hutoka na habari inaishia hapo. Isipotoka, ondoa utando, mwaga chote, acha kipoe kabisa, chomoa ufito na utazame ncha yake na siti kwa tochi ya mwanga. Mdomo unausafisha kwa keekee inayoingia bila kubana, ukiizungusha kwa vidole. Keekee kubwa au ya mashine itapanua tundu na utajuta kila utakaposubu vichwa vidogo. Ncha ikiwa na makovu, isage kwenye siti kwa pesti laini, kama fundi anavyosaga valvu za injini, kisha futa pesti yote. Uzito mdogo juu ya ufito husaidia ukae vizuri. Tone moja la mara kwa mara mimi silihangaikii. Naweka mkebe chini naendelea.

Usafishaji mkubwa wa ndani hufanywa chungu kikiwa kitupu, baridi, na plagi imechomolewa. Hapa ndipo sumu ilipo hasa. Kwa joto la kusubia risasi haitoi mvuke mwingi. Kinachoingia mwilini ni vumbi la oksaidi, kupitia pumzi na zaidi kupitia mikono inayogusa chakula au sigara. Kwa hiyo usisugue kikavu, na brashi ya waya ya kufunga kwenye drili isiguse chungu hiki kamwe. Lowesha kidogo kwa kitambaa, sugua kwa mkono, futa kwa kitambaa kingine, na vyote viwili vihifadhiwe kama taka ya sumu. Koili ya umeme isipate maji. Baadaye kipashe polepole kwa joto la chini mpaka uwe na hakika hakuna unyevu, hata kwenye mdomo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Utando unaouondoa ukae kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko, uende kwa wanaopokea vyuma chakavu vya risasi, usiingie kwenye pipa la nyumbani. Sakafu ifutwe kwa maji, isifagiliwe.

Ukiwa na chungu wazi, angalia pia nyaya. Waya wa plagi unaolala ubavuni mwa chungu huiva ngozi yake taratibu, na kwa kuwa mwili wote ni chuma, waya wa ardhi uliokatika si jambo la kuahirisha.

Ukimaliza kazi, acha theluthi ya risasi ndani igande. Inaziba hewa isilete kutu kwenye siti, na siku inayofuata joto linasambaa upesi kuliko kwenye mikuo inayogusana kwa pembe. Lakini anza kwa joto dogo. Risasi ikiyeyuka hutanuka kama asilimia 4, na kwenye chungu kinachopashwa kwa chini, ile ya kitakoni huyeyuka ingali imefunikwa na kifuniko kigumu. Ikipata ufa hutoka kwa kuruka. Ufito usiuguse mpaka yote imelainika, maana hupinda, na ufito uliopinda haukai tena kwenye siti.

Kwa wanaohamia bismuthi, madini yanayotumika badala ya risasi, na wengi wanahamia kwa sababu ya sheria (Uingereza ilipiga marufuku chubwi za risasi kati ya gramu 0.06 na 28.35 tangu 1987), nunua chungu cha pili. Mchanganyiko wa bismuthi na bati huyeyuka kwa nyuzi 138, na ukichanganyika na mabaki ya risasi baadhi yake huweza kuyeyuka hata chini ya nyuzi 100. Zaidi ya hayo, hutakuwa tena na haki ya kusema jigi zako hazina risasi. Andika jina la madini kwenye kila chungu, na kila kimoja kiwe na kijiko chake.