Mchoro wa ngome ya Kijapani: tazama jengo kabla ya sahihi

Tangu kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu kuingiza mali za kitamaduni ianze kutumika kikamilifu tarehe 28 Juni 2025, dawati letu la michoro limefurika maombi ya "barua ya umri", yaani barua inayothibitisha mchoro ni wa lini. Wengi wanaoomba ni watu wema waliorithi bahasha ya mkwe au waliobahatika mnadani, na tunawashukuru kwa kuuliza kabla ya kusafirisha. Ila barua hiyo haiandikwi kwa kutazama picha ya WhatsApp.

Hivi karibuni tuliletewa mchoro wa penseli na rangi za maji wa ngome ya Osaka. Mnara mkuu umesimama wote: orofa za chini nyeupe, ya juu nyeusi yenye chui milia wa dhahabu. Pembeni pameandikwa "J. Conder, 1890", na mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe. Sasa tuhesabu. Mnara wa Osaka uliteketea kwa radi mwaka 1665, ukajengwa upya kwa zege mwaka 1931. Josiah Conder, msanifu majengo Mwingereza, alifika Japani 1877 na kufia Tokyo 1920. Muda wote alioishi huko, pale palikuwa na jukwaa la mawe tu, hapana mnara. Tena ule mchanganyiko wa nyeupe chini na nyeusi juu ni ubunifu wa jengo la 1931. Mwenye mchoro alituuliza kama Conder hangeweza "kuukisia". Hapana, hangeweza.

Ngome nyingine husomwa hivyo hivyo. Nagoya iliungua katika shambulio la anga la 14 Mei 1945, mnara mpya ukakamilika 1959. Ule wa Hiroshima ulianguka 6 Agosti 1945, ukarudi 1958. Daraja jekundu la Matsumoto ni la 1955, na vigae vya Aizu-Wakamatsu vilibadilishwa kutoka vyeusi kuwa vyekundu mwaka 2011. Lakini jengo hukupa mwanzo tu, halikupi mwisho: mtu anaweza kuketi leo na kunakili postikadi ya Nagoya ya kabla ya vita. Ndiyo maana tunakagua na karatasi. Iking'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, ina kemikali za weupe zilizoenea viwandani kuanzia miaka ya 1950.

Safari za msanifu nazo ni kipimo. Mchoro ulioandikwa "Bruno Taut, Japani, 1931" hauwezi kupita. Msanifu huyo Mjerumani alishuka katika bandari ya Tsuruga Mei 1933 na kuondoka Oktoba 1936. Na tafadhali, "10.11.4" si lazima iwe tarehe 10 Novemba 1904. Wajapani huanza na mwaka, tena huuhesabu kwa enzi ya mfalme: mwaka wa 10 wa enzi ya Showa ni 1935, wa enzi ya Taisho ni 1921.

Kuhusu sheria, maana hapa ndipo uvumi ulipojaa. Leseni ya kuingiza na tamko la mwagizaji vinahusu vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 200 au 250, kutegemea aina yake. Mchoro wa miaka ya 1930 haumo. Hata hivyo, marufuku ya kuingiza kitu kilichotolewa kwao kinyume cha sheria inagusa pia michoro ya mkono, hata ile isiyofikia umri huo. Kutoa nje ya Umoja ni jambo jingine: mchoro wa zaidi ya miaka 50 wenye thamani inayozidi euro 15,000 unahitaji leseni ya kusafirisha nje, chini ya kanuni namba 116 ya mwaka 2009. Kwa hiyo anayeuzeesha mchoro ili apate bei, anajitafutia leseni. Anayeupunguzia umri ili aikwepe, anatoa tamko la uongo forodhani. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama, kwa hiyo ulizeni forodha ya mnakoishi, si shemeji.

Mkija kwetu, leteni fomu zetu mbili zilizojazwa, picha za pande zote mbili zikiwa na rula kando, na stakabadhi ya ununuzi kama ipo. Mchoro wenyewe uje bapa, kati ya karatasi zisizo na asidi. Usikunjwe, usilaminetiwe, usibandikwe selotepu. Nambari ya mnada iliyo nyuma msiifute, hata kama inaudhi macho. Mara nyingi tunaanzia hapo.