Usiilaumu Cherehani: Dhana Potofu Kuhusu Kudarizi Majani na Matawi

Dhana: "Cherehani yangu haiwezi."

Kila ninapopokea wanafunzi wapya, kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano, lazima mmoja aseme: "Mwalimu, hii yangu ni ya kushonea nguo tu, haidarizi." Wiki hii nimeyasikia tena maneno hayo, na yananiuma. Mtu mwenye jicho zuri anapoteza miaka akingoja kununua mashine ya kompyuta asiyoihitaji.

Ukweli: cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inadarizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Singer ilichapisha maelekezo ya kudarizi picha kwa cherehani za kawaida za nyumbani, zile za kukanyaga. Mashine ya kompyuta hufuata mchoro ulioingizwa humo tayari. Katika kudarizi kwetu kwa cherehani ya kawaida, mchoro unatoka mikononi mwako papo hapo.

Meno yaliyo chini ya sindano kazi yake ni kukivuta kitambaa kwenda nyuma. Yashushe. Kama hayashuki, yafunike, au weka urefu wa mshono kwenye 0. Toa mguu wa kawaida, ule unaokibana kitambaa chini ya sindano, funga ule wa kudarizia wenye kiduara mbele. Sasa kitambaa kinakwenda unakokipeleka: mbele, nyuma, kando, mviringo. Urefu wa mshono unaupima wewe. Ukisogeza mikono haraka huku cherehani ikienda polepole, mishono inarefuka. Ukikawia, inarundikana mahali pamoja.

Lawama nyingi huanzia hapa. Mwanafunzi mmoja aliniita machozi yakimlenga. Juu ya kitambaa palikuwa na mstari safi wa jani, chini yake fundo la nyuzi mfano wa kiota. Alishaamua kuipeleka cherehani kwa fundi. Nikatazama mguu: ulikuwa juu. Mguu wa kudarizia haukigandamizi kitambaa, kwa hiyo hata ukiwa chini unaweza kudhani umeinuliwa, na ni rahisi kusahau kuushusha. Usipoushusha, visahani vinavyobana uzi wa juu hubaki wazi na uzi wote unamwagikia chini. Tulikata fundo, tukashusha mguu, jani likamalizika siku ileile. Nawasihi, fundo likitokea chini, anzeni na uzi wa juu. Uchomoe, uupitishe upya mguu ukiwa juu ili uingie vizuri kati ya visahani, kisha ushushe mguu ndipo ushone.

Dhana: "Lazima ujue kuchora."

Jua kutazama. Wengi hushika uzi mmoja wa kijani na kuipanga mishipa sawasawa kushoto na kulia kama miiba ya samaki. Okota jani uliweke kando ya cherehani. Mara nyingi mishipa ya pande mbili haikutani mahali pamoja, na inazidi kuwa myembamba ikikaribia ukingo. Palipoliwa na mdudu pana mzingo wa kahawia, na upande wa chini umepauka. Mimi huanza na mzingo huo wa kahawia, maana ndio unaolitofautisha jani hili na majani mengine yote. Kijani kinaweza kungoja.

Dhana: "Uzi ukijaa ndiyo kazi inapendeza."

Kila mshono unakivuta kitambaa kidogo, na ukikijaza kinakunjamana. Weka kitambaa kigumu chini yake, anzia katikati ukielekea nje, na uache nafasi tupu. Ukitumia fremu ya duara, igeuze: kitambaa kilale kwenye bamba la cherehani, si juu kama katika darizi ya mkono.

Dhana: "Sindano yoyote itafaa."

Uzi wa kudarizia huchanika kwenye tundu dogo. Tumia sindano ya kudarizia, namba 90/14, na ukisikia inagonga kitambaa badala ya kupenya, ibadilishe.

Dhana: "Mstari ukipinda, fumua."

Tafadhali usifumue! Tawi halikui kwa rula. Pita mara ya pili bila kujaribu kuukanyaga mstari wa kwanza. Uende kandokando yake, mahali pengine ukiugusa, mahali pengine ukiacha upenyo mwembamba. Katika upenyo huo ndipo tawi linapopata unene wake.