Kuvua vibua kutoka ufukweni msimu unapokuwa wa kubahatisha

Majira ya joto yakifika katikati, maswali ninayoulizwa huwa yaleyale: vibua wako wapi? Juzi jioni kila fimbo gatini ilikuwa imepinda, jana hakuna aliyepata hata mmoja, leo bahari kimya. Kazi yangu ni kufundisha watu kuvua kwa fimbo kutoka nchi kavu, na misimu ya namna hii ndiyo ninayopenda zaidi kuifundisha. Samaki wakiwa tele, anayejua na asiyejua wote wanajaza ndoo. Wakiwa wachache, anayesoma maji ndiye anayepata.

Ninayemzungumzia ni kibua wa Atlantiki ya kaskazini-mashariki, yule mwenye mistari myeusi iliyopindapinda mgongoni na tumbo jeupe linalong'aa. Mwili wake unaeleza karibu kila kitu kuhusu tabia yake. Hana kibofu cha hewa. Kwa hiyo anaweza kupanda kutoka chini hadi juu na kushuka tena kwa kasi bila kuumia, lakini pia hawezi kutulia: lazima aogelee mchana na usiku, mdomo wazi, ili maji yapite kwenye mashavu yake apate hewa. Akisimama, anazama na kukosa pumzi. Samaki wa miambani ukimkosa leo, kesho utamkuta kwenye pango lake lilelile. Kibua hana pango. Ukimkosa alfajiri, jua likishapanda huenda yuko rasi nyingine kabisa.

Ndiyo maana swali la “sehemu gani ni nzuri” halitoshi. Swali lenye faida ni hili: nini kitamleta karibu na nchi kavu, na lini? Jibu langu kwa miaka yote ni moja. Usimtafute kibua. Tafuta anachokula, na maji yanayomwezesha kukiona.

Kwanza nieleze kwa nini msimu huwa na mapengo. Vibua wengi wa upande huu huzaliana majira ya kuchipua katika maji ya magharibi mwa Ireland na kuelekea Ghuba ya Biscay, kisha husafiri kaskazini kutafuta malisho. Wanaosogea hadi ufukweni ni sehemu ndogo tu ya msafara huo. Msafara wenyewe hubadilisha njia: kuanzia miaka ya 2007 hivi walienea kwa wingi hadi maji ya Iceland, jambo lililozusha mvutano mkali wa mgao kati ya nchi za eneo hilo, na miaka ya baadaye wakarudi nyuma kuelekea mashariki. Kundi la Bahari ya Kaskazini lilivuliwa kupita kiasi mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, na halijawahi kurudi kama zamani. Mwaka 2025 ICES, baraza la kimataifa linalotoa ushauri wa kisayansi kuhusu uvuvi, lilishauri mavuno ya mwaka 2026 yakatwe kwa asilimia 70 hivi. Samaki wanapopungua baharini, naamini sisi wa ufukweni huwa miongoni mwa wa kwanza kuhisi, kwa kuwa tunavua pembeni kabisa mwa eneo lao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba vibua ni wachache kwa sababu umekosea rangi ya manyoya yanayofungwa kwenye ndoana kama chambo, usimsikilize.

Sasa maji. Kibua huwinda kwa macho. Hilo nalirudia kwa kila mwanafunzi kwa sababu linaamua siku nzima. Upepo ukivuma kutoka baharini kwa siku mbili tatu, mawimbi yakachimba mchanga, maji ya karibu yanakuwa na rangi ya udongo, na kibua hukaa nje ambako bado kuna mwanga. Dhoruba ikipita usikimbilie ufukweni asubuhi ile ile. Subiri mpaka yasafike, na angalia upepo umegeukia wapi: ukivuma taratibu kutoka nchi kavu, maji ya ufukweni hulainika na kusafika haraka. Mimi hupima kwa njia rahisi sana. Nashusha chambo cha chuma kinachong'aa kando ya gati na kukitazama kinavyozama. Kikipotea machoni kabla ya kufika mita moja, nakunja vitu vyangu na kwenda kutafuta upande mwingine wa ghuba, ambako mara nyingi maji huwa tofauti kabisa. Kikionekana hadi mita mbili na zaidi, nabaki.

Kuna uchafu mwingine ambao wengi hawautambui. Mwanzoni mwa msimu, mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho huchanua kwa wingi. Utaona povu la kahawia kwenye mstari wa mawimbi na ute unaojikusanya kwenye mshipi kila unapoukunja. Siku hizo huwa sina matumaini. Unaweza kukuta maji ni ya uvuguvugu, bahari shwari, jua zuri, na bado hakuna kitu.

Chakula ndicho kiini cha jambo lenyewe. Vibua wakiwa bahari kuu hula sana planktoni, vile viduduvidudu vidogo vya maji. Kinachowaleta karibu ni samaki wadogo: dagaa, watoto wa samaki wa kila aina, na wale samaki wembamba na warefu wanaojichimbia mchangani. Basi kabla sijafungua mfuko wa vifaa, natembea. Natazama chini ya gati, kwenye kona zenye kivuli, mahali ambapo mkondo unapita kando ya ukuta. Dagaa wakiwepo utaona kama maji yanatetemeka, kisha kundi zima linageuka kwa pamoja na ubavu wao unamulika mara moja. Wakiwa wametulia na kutawanyika, hakuna anayewatisha. Wakiwa wamejibana kwenye ukuta, wamekazana, wengine wanaruka juu ya maji kama mtu aliyerusha kiganja cha changarawe, aliyewasukuma hapo yuko karibu. Harakisha.

Ndege nao hutoa habari, lakini wasome vizuri. Shakwe waliokaa juu ya maji hawasemi kitu. Membe wanaopiga mbizi moja baada ya nyingine mahali pamoja, wakisogea taratibu kufuata kundi, hao ndio wa kufuatwa kwa macho. Nami huangalia wanaelekea wapi, kisha natangulia kwenye ncha ya mwamba au ya gati watakayoipita, badala ya kukimbia nyuma yao.

Na ukishapata samaki wa kwanza utakayemchukua, mpasue tumbo palepale. Wengi husubiri hadi nyumbani, na hapo habari imeshachacha. Bonyeza mfuko wa chakula juu ya jiwe safi utazame kilichomo. Ukikuta dagaa wa urefu wa kidole, tumia chambo cha chuma cha urefu huohuo na ukikunje kwa kasi. Ukikuta uji mwekundu-pinki usio na umbo, anakula planktoni, na hapo ndipo watu hulalamika kwamba “samaki wanaonekana lakini hawali”. Wanakula, ila si kitu kikubwa kama unachowarushia. Punguza: ndoana ndogo yenye uzi kidogo mweupe au nyoya moja jembamba, mbili au tatu tu kwenye mshipi, mshipi mwembamba, na mwendo wa polepole wenye kusimama. Ugunduzi huu wa tumbo umewabadilishia siku wanafunzi wangu kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kuhusu saa: mwanga mdogo. Saa ya kwanza baada ya kupambazuka na saa ya mwisho kabla ya giza ndizo ninazozipa kipaumbele katika msimu mgumu, hasa zikikutana na maji yanayojaa. Maji kujaa huwasogeza dagaa ndani, na saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa, pamoja na saa moja baada yake, huwa na uhai zaidi kwenye fukwe nyingi. Mchana wa jua kali na bahari kioo, samaki hushuka chini au kusogea mbali. Watu huuliza kama bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni bora kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Inategemea sakafu ya bahari. Mahali penye miamba na kokoto, bamvua huleta mkondo wenye nguvu na chakula kingi. Mahali penye matope, bamvua huchafua maji, na maji mafu ndiyo yanayokupa nafasi.

Vifaa sitavizungumzia sana. Ule mtindo wa kufunga ndoana sita zenye manyoya juu ya chubwi zito, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, una faida yake samaki wakiwa wengi, lakini katika msimu wa mapengo unakuchosha na kukupa habari chache. Fimbo nyepesi, rili ndogo (gurudumu la kukunjia mshipi), mshipi wa kusokotwa ulio mwembamba, na chambo kimoja cha chuma cha gramu 20 hadi 30: hivyo unaweza kurusha kwa saa kadhaa na kuhisi kila kitu. Ukilazimika kurusha chubwi zito, weka mbele mshipi mnene wa kuhimili mrusho. Kanuni ya wavuvi ni nguvu ya ratili 10 kwa kila aunsi ya chubwi. Mshipi ukikatika katikati ya mrusho, chubwi hilo linaweza kuua mtu.

Kinachowapita wengi ni kina. Rusha, acha mshipi wazi, na hesabu polepole chambo kinapozama. Mara ya kwanza hesabu hadi tano uanze kukunja, mara ya pili hadi kumi, kisha kumi na tano, mpaka uguse chini. Ukiguswa na samaki kwenye kumi, rudi kwenye kumi hiyohiyo mara moja. Kundi la vibua linaweza kupita likiwa limebanana kwenye tabaka moja la maji, na chambo kinachopita juu yao au chini yao hakionwi. Pia usitegemee kila mara ule mvuto mkali. Mara nyingi kibua hukipokea chambo kinapozama na kuogelea nacho kuja juu, kwa hiyo unachohisi ni mshipi kulegea, uzito kutoweka, kama chubwi limekatika. Kunja haraka wakati huo, usisubiri. Kisha utajua nguvu yake: huyu ni samaki anayeweza kupita mita 5 kwa sekunde akifyatuka, na akiwa kwenye fimbo nyepesi huzunguka, huzama, hurudi, hachoki mpaka mwisho. Siwezi kuficha kwamba hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kundi likipita, lina dakika zake. Wakiacha kugusa, usibaki ukirusha palepale nusu saa. Tembea mita mia moja kuelekea mkondo unakokwenda, jaribu mara chache, kisha rudi. Mara nyingi huzunguka na kurejea.

Jambo ambalo sina mzaha nalo ni jinsi tunavyowashika. Ngozi ya kibua ni laini na ute wake hutoka kwa urahisi sana. Ukimkamata kwa mkono mkavu, ukambana, ukamwangusha kwenye zege kisha ukamrudisha majini, unaweza kumwona akiondoka vizuri na bado akafa baadaye. Asiyetakiwa afunguliwe akiwa majini au akining'inia kwenye ndoana, bila kuguswa kabisa ikiwezekana; kunja meno ya ndoana mapema ili itoke kwa urahisi. Angalia pia kipimo cha chini cha mahali unapovua. Katika maji ya Uingereza, kwa mfano, ni sentimita 20, ila Bahari ya Kaskazini ni sentimita 30, na tofauti hiyo huwanasa wengi. Na chukua wachache. Kiasi kitakacholiwa siku hiyo na kesho yake, basi. Hali ya samaki hawa niliyoieleza juu haituruhusu kujaza ndoo kwa sababu tu jioni moja imekuwa nzuri.

Unaowachukua, waue mara moja, kata mashavu damu itoke, na uwaweke kwenye barafu iliyochanganywa na maji kidogo ya bahari. Si suala la ladha peke yake. Nyama ya kibua ina histidini nyingi, na akiachwa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo huleta uso kuwaka, kichwa kuuma, vipele na kutapika. Kupika hakuiondoi. Samaki anaweza kuonekana mzuri na kunukia vizuri na bado akakudhuru. Ndoo iliyokaa juani alasiri nzima ni ya kumwagwa, hata ikiuma. Asiye na barafu avue na kurudisha.

Mwisho, usifungashe vifaa siku watu wanapoondoka ufukweni. Bahari hupata joto polepole kuliko nchi kavu na hulipoteza polepole vilevile. Katika maji haya joto lake hufika juu karibu Agosti na kuendelea hadi Septemba. Dagaa waliozaliwa mwaka huo wanakuwa wamekua na kujaa ghubani, na baadhi ya vibua wanaokuja wakati huo ni wakubwa kuliko wa Juni, wanene, na hula samaki zaidi kuliko planktoni. Badili chambo kiwe kirefu zaidi, rusha machweo, na endelea kujaribu mpaka dhoruba za majira ya kupukutika majani zitakapoyachafua maji kwa muda mrefu.