Siri ya mgonjwa huvujia dirishani

Kliniki nyingi hufundisha usiri wa taarifa za wagonjwa siku moja, na jinsi ya kuwahudumia wenye ulemavu siku nyingine. Hapo ndipo tunapokosea. Mgonjwa kiziwi anayepewa majibu ya kipimo cha HIV kupitia kwa shemeji yake hana siri tena, hata kompyuta zikiwa na nywila ngumu kiasi gani. Katiba ya Kenya inadai yote mawili: Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa.

Ndiyo maana napendelea kufundishia pale pale dirishani pa usajili, dakika 40, foleni ikipungua. Karani anamuuliza kila mgonjwa, si yule tu ambaye ulemavu wake unaonekana: "Ungependa tukupe taarifa zako kwa njia gani?" Jibu linaandikwa juu kabisa ya faili. Likibaki kwenye daftari la nesi, maabara na famasi hawalioni, na mgonjwa anaulizwa upya mbele za watu. Andika anachohitaji, si anachougua: "herufi kubwa" inatosha, kisukari chake hakihusiani na karani.

Herufi kubwa maana yake pointi 16 kwenda juu. Si kila asiyeona anajua Breli. Wengi husomewa na simu, na simu huchapia au kunyamaza kabisa ikipewa picha ya karatasi, kwa hiyo tuma maandishi yenyewe. Lugha ya Ishara ya Kenya nayo ina sarufi yake, si Kiswahili cha mikono, kwa hiyo kumwandikia kiziwi kikaratasi hakutoshi kila mara. Mtafutie mkalimani. Mtoto wake si mkalimani.

SMS ndiyo inayoharibu zaidi. "Dawa zako za ARV ziko tayari" husomwa na yeyote aliyeishika simu, na simu ya asiyeona inaweza kuitangaza ndani ya matatu. Andika: "Miadi yako ni Jumanne tarehe 14, saa 3 asubuhi." Ukiandika 9:00 tu, yupo atakayefika saa tisa alasiri.

Kwenye kompyuta, kila mtu aingie kwa jina lake. Akaunti ikiwa ya wote, huwezi kujua nani alifungua faili la nani. Ukiinuka kitini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ili skrini ijifunge. Picha ya majibu ya maabara iliyopigwa kwa simu ya mhudumu hubaki kati ya picha zake za nyumbani, na mara nyingi hujinakili yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Taarifa zikivuja na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mgonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kliniki saa 72 tangu ijue, iwe imemjulisha Kamishna wa Data. Nesi anayeogopa kufutwa kazi hufuta ujumbe aliotuma kwa namba isiyo ya mgonjwa, kisha ananyamaza. Kabla ya somo kuanza, msimamizi aahidi mbele ya wote kwamba anayeripoti kosa lake siku hiyo hiyo hataadhibiwa kwa kuripoti.