Kupanda Chombo Kisichosimama: Nishati Huokolewa Wapi?

Kondakta anayemhimiza abiria adandie daladala huku magurudumu yakiendelea kuzunguka huamini kwamba anaokoa muda na mafuta. Muda kidogo anauokoa. Mafuta, karibu hakuna. Sababu yake ni ya kifizikia, na ndiyo inayoeleza kwa nini ni mitambo michache tu iliyofaulu kupakia abiria bila kusimama na bado ikatumia nishati kidogo.

Basi la mwendokasi lenye uzito wa tani 18 pamoja na abiria wake, likiwa katika kasi ya kilomita 50 kwa saa, hubeba nishati ya mwendo inayokaribia nusu uniti ya umeme. Dereva akikanyaga breki, nishati hiyo hugeuka joto na kupotelea hewani, kisha injini hulazimika kuizalisha upya basi linapoondoka. Wengi hudhani kwamba basi likipunguza mwendo bila kusimama kabisa, hasara nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Sivyo. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: basi likishuka kutoka kilomita 50 hadi 25 kwa saa, robo tatu ya nishati imekwisha kupotea, na likifika kilomita 4, yaani mwendo wa mtu anayetembea, kilichobaki hakifiki asilimia 1. Kwa ajili ya akiba hiyo ndogo abiria anahatarisha miguu yake.

Akiba ya kweli hupatikana pale ambapo chombo kizima hakipunguzwi mwendo, bali sehemu yake ndogo tu. Waingereza walilitambua hilo mapema: kuanzia mwaka 1858 hadi Septemba 1960, baadhi ya treni zao za haraka zilikuwa zikiachia behewa la nyuma zikiwa katika kasi, na gadi aliyekuwa ndani yake akalisimamisha kituoni kwa breki za behewa hilo peke yake, huku treni ikiendelea na safari. Kasoro yake ni dhahiri: abiria waliweza kushuka, lakini hapakuwa na namna ya kuwapandisha wengine.

Katika maonyesho ya Wembley, London, ya mwaka 1924 na 1925, reli ndogo ilijibu swali hilo kwa ustadi mkubwa. Magari yake 88 yalisukumwa na skrubu ndefu iliyozunguka kati ya reli. Penye vituo mizunguko ya skrubu ilibanana, magari yakajongea taratibu na abiria wakapanda, na nje ya vituo mizunguko iliachana, magari yakashika kasi. Maonyesho yalipokwisha, reli nayo ikafungwa.

Mfano unaofanya kazi leo uko La Paz, Bolivia, ambako usafiri wa kebo, yaani vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, ulianza Mei 2014 kuunganisha jiji hilo na El Alto, lililoko juu yake katika mwinuko wa takriban mita 4,000. Kamba ya chuma huzunguka mfululizo kwa mwendo ule ule. Kibanda kinapoingia kituoni, koleo linalokishikiza kwenye kamba huiachia, na safu ya matairi madogo hukipunguza hadi chini ya mwendo wa kutembea. Milango hujifungua, sakafu ikiwa sawa na jukwaa, abiria wakaingia, kisha matairi mengine hukiongeza kasi hadi kilingane na kamba na kuishika tena. Katika mitambo mingi ya aina hii matairi hayo yameunganishwa na kamba yenyewe, hivyo sehemu ya nishati inayotoka kwenye kibanda kinachopunguza mwendo husaidia kusukuma kile kinachoondoka. Aidha, vibanda vinavyoshuka huvisaidia vinavyopanda, jambo ambalo basi linalokwea mlima haliwezi kulipata.

Hata hivyo, usafiri huu una mipaka ambayo wauzaji wake hawapendi kuitaja. Kibanda cha watu 10 kikipita kila sekunde 12, huchukuliwa abiria 3,000 kwa saa kwa kila upande. Mabasi ya mwendokasi ya Bogotá, Kolombia, huchukua zaidi ya 40,000. Kwa maoni yangu, kebo inastahili penye milima, mabonde au maji, na si juu ya barabara tambarare kama ya Morogoro jijini Dar es Salaam.

Huko, tiba iliyo karibu zaidi ni basi la haraka linaloruka baadhi ya vituo, kwa kuwa vituo vya awamu ya kwanza ya mradi wa mwendokasi vilijengwa na njia ya kupitana. Basi la dizeli la tani 18 likiruka vituo 10 kati ya Kimara na Kivukoni huepuka kupoteza uniti 5 hivi za nishati ya mwendo. Na kwa kuwa injini hutumia vizuri takriban theluthi moja tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, hiyo ni karibu lita moja na nusu ya dizeli kwa safari moja. Katika vituo visivyorukika, basi la umeme hurejesha kwenye betri sehemu kubwa ya kile ambacho basi la dizeli hukiteketeza kwenye breki.